Kilobaiti Tisini na Sita

Simu ya mama ilikuwa ya nne tangu asubuhi, na hata saa sita ilikuwa haijafika.

"Uko wapi?"

"Niko palepale, mama. Ukumbini."

"Mnamaliza saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Wageni wanafika saa kumi na moja. Nywele zako zikoje?"

"Ziko kichwani."

"Usinitanie. Shangazi yake mwenyewe anakuja. Kijana wa watu ameuliza, ameambiwa asubiri, amesubiri mwezi mzima bila kulalamika. Leo anataka kusikia neno moja tu kutoka kinywani mwako. Moja!"

"Nilisema nitalisema, mama. Nitalisema."

"Lipi?"

"Mama, kuna watu sitini humu ndani wananitazama."

Nikamuaga kabla hajavuta pumzi ya kuanza upya. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Watu wote sitini walikuwa wameinamia kompyuta zao, migongo imepinda, na nyaya zimebandikwa sakafuni ili tusijikwae. Ukutani kulikuwa na skrini kubwa yenye majina ya timu na pointi zake, na juu yake saa inayohesabu kurudi nyuma. Saa ile nilikuwa nimeitazama kuliko kazi iliyonileta.

"Mama?" akauliza mdogo wangu bila kuinua kichwa.

"Mama."

"Nywele?"

"Nywele, halafu maisha yangu."

Huyu mdogo wangu tunamwita Kasuku, kwa sababu tangu ajue kuzungumza hajapumzika. Ndiye aliyetuandikisha kwenye mashindano haya ya udukuzi, tena bila kuniuliza. Mama anaamini ni mashindano ya wezi. Nimemweleza mara kumi kwamba hatuvunji mlango wa mtu, kwamba tunapewa kufuli zilizotengenezwa makusudi tuzifungue, na atakayefungua nyingi ndiye mshindi. Ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza polisi wanasemaje.

Mimi kazi yangu ni studio ya picha. Napiga picha za pasipoti na kuzikata kwa wembe, nasafisha picha za zamani zilizopasuka mpaka marehemu wa watu warudishiwe nyuso zao. Kwa ajili ya wembe ule, na kwa ajili ya mdomo wangu, watu huniita Kiwembe. Kasuku anajua programu na mimi najua picha. Mpaka mchana huo tulikuwa wa kwanza kwenye ile skrini, pointi thelathini mbele ya timu iliyotufuata, na Kasuku alikuwa ameanza kuimba chini chini.

Nami nilitakiwa niwe na furaha. Lakini mguu wangu ulikuwa unatikisika chini ya meza kama cherehani, na kila baada ya dakika nilijikuta nimegeuza shingo kutazama meza ya majaji.

Hapo ndipo alipokuwa amekaa.

Nieleze vizuri. Mtu aliyeniposa si huyo, ni mkandarasi. Anajenga nyumba za watu na hazipasuki. Ana adabu, hana kelele, akisema atapiga simu saa mbili anapiga saa mbili. Sina baya la kumsema. Nikimfikiria, moyo wangu unakuwa kama televisheni iliyozimwa: hauna shida yoyote, ila hakuna kinachoonekana. Nilikuwa nimeamua kumwambia ndiyo leo saa kumi na moja. Nilikuwa nimechoka kumsubiri mtu asiyerudi, na nilishajisuta vya kutosha.

Halafu asubuhi ile jaji mkuu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya mwalimu, akasimama kuwatambulisha waliotunga maswali. Wa kwanza akainuka, tukampigia makofi. Wa pili akainuka. Wa tatu alipoinuka mikono yangu ilibaki hewani bila kugongana. Alikuwa Miwani, kama nilivyozoea kumwita.

Miaka miwili sijamwona. Amekonda kidogo, miwani ni ileile, na bado anaisukuma juu ya pua kwa kidole cha kati hata isipoteleza. Macho yake yalipita ukumbini, yakanifikia, yakaruka, yakarudi. Mimi ndiye niliyeangalia pembeni kwanza. Najilaumu mpaka leo, kwa sababu nilikuwa nimeapa kwamba siku nikikutana naye nitamtazama kwa macho makavu mpaka aone haya.

Tulikutana kwenye madarasa ya jioni ya kompyuta, ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla hatujazaliwa. Tulikuwa tukikaa kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, tukizungumza mpaka mlinzi atufukuze. Mama hakumtaka tangu alipomsikia. Kila jioni alikuwa anachukua simu yangu na kuikagua kama mtu wa forodha. Ndipo Miwani akaanza kuniandikia barua ndani ya picha.

Ni jambo rahisi ukilielewa. Picha ni nukta tu, mamilioni ya nukta, na kila nukta ina namba tatu: ya wekundu, ya kijani na ya bluu. Ukiongeza au kupunguza moja kwenye namba hizo, jicho halijui. Lakini ukizibadilisha kwa mpango, nukta baada ya nukta, unaweza kuficha barua nzima ndani ya picha ya mawingu. Watu wengi huanzia juu kushoto, kama wanavyosoma. Miwani alianzia kona ya chini kulia, akapanda kinyumenyume, tena kwenye bluu peke yake. Hiyo ilikuwa njia yetu. Mama alikuwa anaona picha za paka, za mawingu, za ndoo. Siku moja aliniuliza, kwa huruma kabisa, kama yule kijana ana akili timamu, maana mtu gani anamtumia mwanamke picha ya ndoo. Ndani ya ile ndoo kulikuwa na maneno mia mbili ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu.

Jioni ya mwisho alinitumia picha ya ngazi. Ngazi zetu, tupu, bila neno. Nilikaa nayo siku tatu, nikaichambua kwa njia yetu na kwa njia zote nilizozijua. Nikapata takataka. Simu yake ilikuwa imezimwa. Pale darasani wakaniambia amepata kazi mbali na ameshaondoka. Basi nikaelewa kwamba ameniachia picha tupu ya mahali patupu, na kwamba ndiyo kwaheri yake.

"Dada, amka," Kasuku alinipiga kiwiko. "Swali la mwisho limefunguliwa. Picha tatu, kila moja ina maneno ndani. Pointi hamsini. Tukilipata hili tunakwenda nyumbani na kikombe, na mama atalazimika kukiweka kabatini."

Ya kwanza ilikuwa sahani ya maua. Kasuku aliimaliza kwa dakika saba. Ya pili ilikuwa uso wa saa ya ukutani, ikatuchukua ishirini. Akafungua ya tatu.

Ilikuwa ngazi. Ile ngazi. Ule ufa wa ukuta wenye umbo la sikio, kile kipande cha reli kilichokwanguka rangi pale nilipozoea kuegemea. Damu ilinipanda kichwani mpaka nikasikia masikio yakivuma.

"Kuna nini?" Kasuku aliniuliza. "Mbona umebadilika rangi?"

"Sogea."

"Nimeshajaribu juu kushoto, hamna..."

"Nimesema sogea!"

Nilikamata kompyuta. Sikufikiri, vidole vyenyewe vilijua. Kona ya chini kulia. Kinyumenyume. Bluu peke yake. Nikabonyeza, na chini ya skrini herufi zikajipanga moja moja, safi kama maji: TIKETI MBILI.

Kasuku akaziba mdomo wake kwa mikono miwili ili asipige yowe. "Dakika moja! Dada, dakika moja! Umejuaje?"

Nilikuwa nasoma yale maneno mawili na sikuyaelewa. Tiketi mbili za nini? Za kwenda wapi? Kilichonichoma ni kwamba alikuwa amechukua kitu chetu cha mwisho, akakiweka mezani watu sitini wakichokonoe.

"Usitume jibu," nikasema.

"Nini?"

"Kanuni ya tano. Anayemjua mtunzi kiasi cha kumsaidia kujibu, aseme."

"Kanuni ya tano hakuna aliyeisoma!"

"Mimi nimeisoma."

"Dada yangu mpenzi," Kasuku alinishika mkono, sauti imelegea kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa, "kaa chini kwanza. Kunywa maji. Kikombe, dada."

Nilikuwa nimeshasimama. Nilikwenda mpaka meza ya majaji, nikasimama mbele ya jaji mkuu na kumwambia kwamba picha ya tatu nimeifungua kwa sababu naijua mikono ya aliyeitunga. Sikumtazama Miwani aliyekuwa amekaa hatua mbili tu kutoka hapo. Mama yule akashusha kalamu.

"Unamjua kivipi?"

"Nilimjua zamani."

"Swali zima litafutwa kwa timu yenu. Timu mbili zimeshalijibu, kwa hiyo mtashuka mpaka nafasi ya tatu. Umenielewa, binti?"

"Nimekuelewa."

Nikatoka nje kabla sura yangu haijaniangusha.

Kwenye korido kulikuwa na mtungi wa maji, viti vilivyobebanishwa mpaka darini na dirisha moja linalotazama maegesho. Nilishika ukingo wa dirisha. Nyuma yangu mlango ukafunguka na kufungwa, na bila kugeuka nilijua ni nani, kwa ule mwendo wake wa kuburuta kisigino kimoja.

"Kiwembe."

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje?"

"Niite mshindani namba kumi na tisa. Una moyo wa aina gani wewe? Ngazi yetu! Hukupata picha nyingine duniani?"

"Sikujua kama utakuja. Maswali tuliyapeleka miezi miwili iliyopita. Leo asubuhi nilipokuona nilitaka kukimbia."

"Ungekimbia tu. Si ndiyo kazi unayoiweza?"

Nikageuka ili nione kama imemwingia, nikakuta imemwingia kuliko nilivyotaka.

"Hilo si haki," alisema polepole. "Mimi nilikaa. Wewe ndiye hukuja."

"Sikuja wapi?"

"Tafadhali, usinifanyie hivyo."

"Nakuuliza kwa Kiswahili. Sikuja wapi?"

"Kituo cha mabasi!" Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akipaza sauti. Aliishusha palepale, akatazama mlango. "Nilikusubiri mpaka basi likawasha injini. Uliisoma barua, ukaamua kunyamaza. Ni haki yako. Miaka miwili najiambia ni haki yako. Na ile picha ikawa haina mwenyewe tena, nikasema basi, acha iwe swali la mashindano, labda nitaacha kuifungua kila wiki."

"Barua gani?"

"Iliyokuwa ndani."

"Ndani hamkuwa na kitu! Siku tatu nimeichambua, unanisikia? Siku tatu. Wateja wanasimama mlangoni na mimi nahesabu nukta za ngazi. Chini kulia, kinyumenyume, bluu, halafu nyekundu, halafu kijani, halafu kutoka juu kama watu wote. Nimepata herufi zisizo na kichwa wala miguu. Ulinitumia picha tupu."

"Haiwezekani. Niliandika mistari sita. Niliifungua mwenyewe kabla ya kuituma, ikafunguka."

"Ilifungukia kwako."

Tukatazamana. Nilimwona akianza kufikiri, ile namna yake ya kukunja uso kama anasikia harufu. Kisha akanyoosha mkono.

"Unayo bado?"

Laiti ningeweza kusema sina. Nimebadilisha simu mara mbili tangu siku ile, na mara zote mbili kitu cha kwanza kuhamisha kilikuwa picha ile ya ngazi, kabla hata ya namba za ndugu zangu. Niliitafuta, nikamkabidhi simu nikiwa nimetazama pembeni.

Hakuiangalia picha. Alibonyeza pale penye maelezo ya faili. Akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa na kusoma tena.

"Kilobaiti tisini na sita," alisema.

"Ndiyo hivyo ilivyokuja."

"Yangu ina megabaiti nne."

Sikuhitaji kuelezwa. Nikavuta kiti kimoja kutoka kwenye rundo na kukaa.

"Uliituma vipi?" nikauliza. "Miwani. Uliituma vipi?"

"Nilikuwa kwenye foleni ya tiketi. Watu wananisukuma. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka..." Akafumba macho. "Nilibonyeza alama ya picha."

"Si ya faili."

"Si ya faili."

Programu ile ya kutumiana ujumbe, ukiipa picha, huibana ili iwe nyepesi. Inabakiza kile ambacho jicho linakiona na kutupa kile ambacho jicho halikioni. Na barua yangu alikuwa ameiweka palepale jicho lisipoona. Ndiyo maana siku zote tulikuwa tunatumiana kama faili, ipite jinsi ilivyo. Lilikuwa somo la kwanza kabisa pale darasani. Miwani mwenyewe ndiye aliyetufundisha siku ile mwalimu alipougua, na aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa, akapigia mstari mara mbili.

Nikacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikageuka katikati ya njia na kuwa kilio. Akachuchumaa mbele yangu, hajui aweke wapi mikono yake.

"Nisamehe," alisema. "Nimewafundisha watu mia jambo hili. Nisamehe."

"Mimi je?" Nilifuta uso kwa kiganja. "Mtoto wa wiki moja darasani, ukimpa picha, anaangalia kwanza uzito wa faili. Mimi siku tatu sikuangalia. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilitoka kwako. Miwani hakosei. Nikaona ni rahisi zaidi kwamba hunipendi kuliko kwamba umebonyeza mahali pabaya."

Alipandisha miwani kwa kidole cha kati.

"Ilisema nini?" nikamuuliza.

"Ilisema..."

"Hapana, usiniambie. Nipe faili lenyewe. Nataka kulisoma kama lilivyokuwa."

Alikwenda kuchukua kompyuta yake, na aliporudi Kasuku alikuwa nyuma yake, ameshika kiuno.

"Tumekuwa wa tatu," alitangaza. "Wa tatu! Kikombe kimekwenda kwa wale watoto wa meza ya mwisho ambao hata hawajui..." Akaniona uso, akamwona Miwani, akaiona kompyuta. "Ni huyu? Wa picha za ndoo?"

"Ni huyu."

"Shikamoo," alimwambia Miwani kwa ukali, kama anamtukana, akavuta kiti na kukaa. Naye kwa mara ya kwanza maishani mwake akanyamaza.

Miwani alifungua faili la zamani, la tarehe ileile, megabaiti nne, kisha akasogea pembeni akaniachia kibodi. Kona ya chini kulia. Kinyumenyume. Bluu. Nikabonyeza.

*Mpenzi wangu. Leo nimekwenda kwa mama yako mara ya pili na amenikataa mara ya pili. Nimepata kazi, naanza Jumatatu, ni mbali. Nanunua tiketi mbili, kesho saa mbili asubuhi, kituo kikubwa. Njoo tukaone mahali penyewe, jioni tunarudi, halafu tunakwenda kwa mama yako pamoja, kwa sababu nikienda peke yangu ananiona mwizi. Je, utakubali kuishi na mimi? Usipokuja nitajua jibu lako, na sitakusumbua tena.*

Nilisoma mara moja. Nikasoma tena. Mara ya tatu sikuweza, kwa sababu herufi zilikuwa zinaogelea.

"Nani alikaa kwenye kiti changu?" nikauliza.

"Mzee mmoja. Alikoroma njia nzima."

"Na ile laini yako ya simu?"

"Niliitupa dirishani. Nilijua nisipoitupa nitakupigia."

"Nilikupigia mimi. Mara arobaini na kitu."

Alishika kichwa. Kasuku alivuta kamasi kwa sauti kubwa, akasema ni vumbi la viti.

Hapo simu yangu ikalia, mkononi mwa Miwani, kwa sababu alikuwa bado ameishika. Jina la mama likawaka. Akanipa kama anayetoa kaa la moto.

"Mmemaliza?" mama aliuliza. "Shangazi mtu ameshapiga, wako njiani mapema. Nimekutolea lile gauni la..."

"Mama, alikuja mara mbili?"

"Nani?"

"Yule wa picha za ndoo. Kabla hajaondoka. Alikuja nyumbani mara mbili?"

Nilisikia kiti kikiburutwa upande wa pili. Mama huwa hakai akizungumza na simu.

"Nani kakwambia?"

"Alikuja au hakuja?"

"Alikuja," alisema mwishowe. "Mara ya pili amevaa shati lililopigwa pasi. Nilimwambia mwanangu hataolewa na mtu anayeishi kwa kuingia kwenye mashine za wenzake. Nikamwambia akikupenda kweli asikupe presha. Nilifikiri akiondoka utalia wiki moja, halafu utatulia."

"Nilitulia, mama?"

Nilisikia akikunja lile gauni.

"Mama, nilitulia?"

"Ulikuwa unakula," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Ulikuwa unakwenda kazini. Nilikuwa nakusikia usiku bafuni umefungulia maji. Nilisikia, mwanangu. Nikasema kesho atakuwa sawa."

Nilitaka kumkasirikia. Hasira nilikuwa nayo. Lakini nilimwona amekaa pale jikoni na lile gauni mapajani, nikashindwa kupata neno la kumpiga nalo.

"Na wageni?" aliuliza. "Nitawaambia nini wale watu?"

"Usiwaambie kitu. Nitakuja mwenyewe na nitamwambia mkandarasi mwenyewe, ana kwa ana. Hajanikosea, hastahili kusikia kwa shangazi yake."

"Mwezi mzima amesubiri neno moja."

"Najua. Litakuwa hapana."

"Mtoto wewe! Na ile ndiyo niliyoisubiri?"

Nilimtazama Miwani. Alikuwa amesimama na mgongo ukutani, wima kama anayepigwa picha ya pasipoti, hapumui. Miaka miwili swali lake lilikuwa limekaa ndani ya ngazi likinisubiri. Sikutaka jibu lipite kwenye waya wowote, wala lifichwe mahali.

"Ndiyo," nikamwambia yeye, kwa sauti, simu ikiwa bado sikioni. "Nakubali. Ningekuja siku ile. Ningekuja hata bila viatu."

Akafunika uso kwa mikono miwili. Kasuku akapiga makofi, akajikumbuka, akaacha.

"Yuko hapo?" mama akauliza.

"Yuko hapa."

"Sijakubali. Umenisikia? Sijakubali hata kidogo." Akavuta pumzi. "Lakini mwambie safari hii asikuletee picha za ndoo. Aje na mdomo wake."

Akakata. Nilibaki nimeshika simu, moyo unanienda mbio, sijui ni furaha au ni woga wa saa kumi na moja, kwa sababu pale nyumbani kulikuwa na mtu mwema wa kumvunja moyo na mama wa kukaa naye mpaka tuelewane, na hayo yote yalikuwa jioni ileile. Miwani alichukua mkoba wangu bila kuulizwa, kama zamani.

Mwisho wa korido lifti ilikuwa wazi, nzima kabisa, taa yake inawaka. Kasuku akaingia, akatushikilia mlango kwa mguu, na akaendelea kutuita wakati sisi tumeshaanza kushuka ngazi.